Bakuli la Bi Zuhura na Waraka wa Mfungwa

Siku utakapoona mkojo wako umegeuka rangi ya chungwa, usishtuke wala usimwite mtu. Ni dawa. Jasho nalo litatia doa ukosi wa shati, na ukilia, machozi yatakuja na rangi hiyohiyo. Mimi niliambiwa lakini sikusikia, maana siku ya kupewa majibu masikio huwa yameziba, na asubuhi yake nikasimama chooni nikiamini kwamba figo zangu zimeshakwenda na maji. Kwa hiyo nakuambia wewe uliyerudi nyumbani juzi na mfuko wa vidonge, ukauficha nyuma ya masufuria. Kifua kikuu kinapona. Mimi nimepona. Ninayotaka kukusimulia ni ya njiani, kwa sababu njiani ndiko watu wengi wanakoachia.

Kikohozi changu kilianza wakati wa kaskazi, vumbi la mtaa wetu wa Junda likimkohoza kila mtu, nami nikajificha humo. Kazi yangu ilikuwa ukaguzi wa shehena bandarini. Mchele ukishushwa umelowa, au mashine ikifika imevunjika, mimi ndiye niliyetumwa kusoma maelezo ya mwenye mzigo na kutafuta palipotiwa chumvi. Kazi hiyo humfundisha mtu kutoamini. Nilikuwa siwaamini mawakala, siwaamini manahodha, na wahubiri nilikuwa nimeacha kuwaamini tangu ujana. Nilipoanza kulowesha shuka kwa jasho na mkanda wangu ukataka tundu jipya, nikakataa kuuamini hata mwili wangu. Nikasema ni uchovu. Nilipotema damu kwenye sinki la ofisi, ndipo nilipokwenda kupimwa.

Wagonjwa wa kifua hatungojei ukumbini. Tunangojea nje, kwenye mabenchi chini ya paa la mabati, ili upepo upite. Kila mtu ana barakoa, na kila mtu analiangalia lango asije akapita anayemjua. Siku za mwanzo niliona fedheha ile ni yangu peke yangu. Baadaye nikagundua kwamba dereva wa tuk-tuk niliyeketi naye huvuta kofia mpaka kwenye nyusi, na yule mama muuza samaki, ambaye huvuka feri kutoka Likoni kuja kutibiwa asikojulikana, huazima mtandio wa binti yake. Tulikuwa tunajificha pamoja, benchi moja, na siku tulipoligundua hilo tulicheka mpaka tukakohoa.

"Dawa hizi mtu hazimezi peke yake," muuguzi aliniambia. "Tafuta wa kukutazama kila siku ukimeza. Mtu utakayemwonea haya ukiacha."

Naishi peke yangu. Mke wangu alitangulia mbele ya haki zamani, na wanangu wanafanya kazi bara. Nikamtaja dada yangu mkubwa, Mghoi. Sisi ni Wataita, lakini tumezaliwa na kukulia Changamwe, naye hajawahi kuhama huko. Alikuja na mkoba mmoja na Biblia yake yenye jalada la zipu, akafungua madirisha yote, akaniwekea kikombe cha maji mbele na kusimama kama askari magereza mpaka kidonge cha mwisho kishuke. Kisha alinitaka nifungue mdomo nimwonyeshe. Mimi ni mtu wa zaidi ya miaka hamsini, na nilifungua mdomo.

Junda kikohozi hakina siri. Halikupita juma, Bi Zuhura, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, akaja barazani na bakuli la uji wa mtama lililofunikwa kwa kawa. Ni mama wa makamo ya mama yangu, wa ukoo wa Mvita tangu jadi, na Kiswahili chake ni kile ambacho sisi wengine tunakikaribia tu.

"Shikamoo Bi Zuhura."

"Marahaba mwanangu. Muwele hulishwa, haulizwi. Kula."

Ikawa ndio desturi. Leo uji, kesho supu ya samaki changu, siku nyingine mbaazi za nazi. Na kwetu pwani, chombo cha jirani hakirudi kitupu. Ukiletewa wali, bakuli linarudi na mahamri. Huna mahamri, tia ndimu. Huna ndimu, tia hata sukari. Mama yetu alitulea hivyo, na Mghoi akalishika hilo barabara. Kila bakuli la Bi Zuhura lilirudi na kimanga cha Kitaita, muhogo na maharagwe yaliyopondwa pamoja, na nasikia mama yule alianza kukipenda.

Halafu masika yakaingia, na ini langu likagoma.

Hutokea kwa baadhi ya watu, si wote, kwa hiyo usianze kujikagua macho kila saa. Mimi yangu yaligeuka manjano. Chakula kikawa uadui, ngozi ikaniwasha mpaka nikajikwangua kwa chanuo. Dawa zikasimamishwa, nikalazwa. Wadini nililala nikiisikiliza mvua juu ya paa, na nilikuwa nimekonda kiasi kwamba nikilala ubavu, magoti yaliumizana. Kulikuwa na mfanyakazi wa usafi aliyekuwa akinigeuzia mto upande wa baridi kila alipopita. Hakuulizwa na mtu. Sijui jina lake, na namkumbuka kuliko daktari.

Huko wadini Mghoi aliniletea watu wa kanisa lake. Walisimama kunizunguka, wakaimba vizuri, sitawasingizia. Kisha kiongozi wao, kijana mwenye sauti nzuri, akasema kwamba kitandani hapa pana shaka, na penye shaka uponyaji husimama mlangoni. Alisema kwa upole kabisa. Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakanitazama. Nilikuwa sina nguvu ya kuinua kichwa, lakini hasira ilikuwa nzima.

Niliruhusiwa kurudi nyumbani, dawa zikaanza kurudishwa moja moja, kila moja na kipimo chake cha damu. Siku ileile ya kurudi tukagombana.

"Mwadime, amini basi, hata kidogo," dada yangu alisema. "Ungeamini, ungekuwa umeshapona. Wewe ndiye unayeuzuia mkono wa Mungu."

"Kwa hiyo nimejiua mwenyewe."

"Sikusema hivyo."

"Umesema. Basi nenda ukamtazame anayeamini akimeza."

Asubuhi hakuwapo. Biblia yake ilikuwa juu ya friji. Nilidhani ameisahau kwa haraka, ingawa mtu anayemjua Mghoi angejua kwamba hasahau Biblia.

Mabakuli ya Bi Zuhura yaliendelea kuja. Mjukuu wake aliyaacha barazani, nikala nilichoweza, nikayaosha. Lakini ningeyarudisha na nini? Nilikuwa siwezi kusimama jikoni, na dukani sifiki. Nikirudisha chombo kitupu ningeonekana mtu asiyelelewa. Nikayapanga juu ya meza nikisubiri nguvu, moja juu ya jingine. Siku moja mabakuli yakaacha kuja. Nikajisemea kwamba jirani naye amechoka, na nani angemlaumu.

Hapo ndipo nilipokaribia kuachia. Nataka ulijue hili vizuri, kwa sababu halikuja kwa kishindo. Sikuamua kufa. Nilichoka tu kichefuchefu, na hapakuwa na mtu wa kumwonea haya. Asubuhi moja nilivishika vidonge mpaka vikaanza kupaka rangi kiganjani, nikavitupa. Asubuhi iliyofuata vivyo hivyo. Nilijua maana yake. Kliniki walikuwa wameniambia mara nyingi kwamba anayeacha katikati ugonjwa humrudia mkali zaidi, na pengine humrudia mara ya mwisho.

Biblia ya dada yangu niliifungua kwa nia mbaya. Nilitaka kumpelekea jibu. Nilitaka nitafute humo, kama nilivyokuwa nikipekua maelezo ya mzigo, mgonjwa mmoja tu ambaye aliamini na hakupona, nimbwagie mbele yake nimalize ubishi. Nikaruka visa vya miujiza, kwa kuwa hizo ndizo silaha zake yeye. Nikaenda kwenye nyaraka za mwishomwisho, nikaangukia mmoja ambao sitautaja kwa jina. Anayeijua Biblia yake ameshautambua, na asiyeijua atautafuta kama nilivyoutafuta mimi.

Ni waraka wa mtu aliyefungwa. Anawaandikia marafiki zake wa mji wa mbali, ambao walikuwa wamemtuma mwenzao mmoja ampelekee msaada gerezani. Nilimsoma mfungwa huyo kwa jicho la kazi yangu, na mwanzoni hakunipendeza. Anataja furaha kila baada ya mistari michache, na mimi mtu anayeniambia mara nyingi kwamba ana furaha huwa namwuliza ana nini. Anatangaza kwamba anamalizia, kisha hamalizi. Hasira inampanda ghafla, anawarukia watu fulani kwa maneno makali, halafu anapoa. Nilijiuliza kama ni barua moja au ni vipande vilivyoshonwa pamoja na mtu mwingine baadaye. Mahali fulani anakiri kwamba hajui achague kufa au kuishi. Hapo niliacha kumkagua kidogo, kwa sababu mimi pia nilikuwa sijui.

Kisha nikamfikia yule mjumbe. Aliugua hukohuko gerezani alikotumwa, akakaribia kabisa kufa. Na huyu mfungwa si mtu hivihivi. Kwenye visa vingine inasemekana hata vitambaa vilivyomgusa viliponya watu. Hapa hasemi kwamba alimwekea mkono. Hasemi kwamba mgonjwa alikuwa na imani nyingi wala haba. Anamshukuru Mungu kwa kupona kwake, sawa, ni mtu wa dini, angemshukuru nani? Lakini anakiri waziwazi kwamba rafiki yake alikuwa anakufa mbele ya macho yake, na kwamba angekufa kweli, huzuni hiyo ingemzidi.

Katika kazi yangu kuna kanuni moja iliyonifaa kuliko zote. Anayedai fidia huandika yanayomfaa. Ukikuta neno linalomuumiza mwenyewe, tua hapo, kwa kuwa hapo pengine anasema kweli. Mponyaji anayeungama kwamba hakuponya, anayeungama kwamba aliogopa, hana faida yoyote katika kuungama huko. Mimi siamini alichokiamini mtu yule, na nilipofunga waraka nilikuwa bado siamini. Lakini nilimwamini yeye. Ni mtu mkweli, na nilimheshimu kwa mara ya kwanza tangu niachane na mambo hayo.

Na kuna neno jingine humo lililonisimamisha. Mjumbe yule, kwenye kuugua kwake, alikuwa anahuzunika kwa sababu watu wa kwao wamesikia kwamba anaumwa. Si kwa sababu anaumwa. Nililisoma mara nyingi. Nikaiona kofia ya dereva wa tuk-tuk, na mtandio wa kuazima, na mimi mwenyewe nikilitazama lango. Mtu aliyekufa zamani zisizohesabika, katika mji ambao sitaufikia, alikuwa ameketi na sisi kwenye benchi lile.

Mwishoni mfungwa anashukuru kwa msaada, na ni shukrani ya kuhangaika kweli. Amepokea, lakini hakuwa na dhiki sana. Walifanya vyema, lakini si kwamba aliomba. Msomaji wa bara angemwona ana kiburi. Mimi niliyakodolea macho mabakuli mezani, nikamwelewa. Alikuwa na vyombo vya watu na hana cha kutia ndani yake. Kitu pekee alichokuwa nacho ni yule mtu wao, aliyekonda, aliyenusurika, basi akawarudishia huyo, na akawasihi wampokee kwa heshima.

Nikasimama. Nikatia sukari katika bakuli la juu, maana ndiyo iliyokuwapo, nikayabeba yote kifuani mpaka kwa Bi Zuhura. Ni hatua chache tu, nikapumzika mara mbili.

Alitoka akinitazama bila kucheka. "Kwani umeona njaa?"

"Nimeleta vyombo, Bi Zuhura. Niwie radhi. Sikuwa na cha kutia."

"Cha kutia?" Alifunua sukari, akaitazama, kisha akanitazama mimi. "Wallahi, mimi nalidhani umekinai vyakula vyangu. Chombo kikikaa kwa mtu, maana yake usilete tena. Nalisema, labda yule dada yake amwambia chakula cha Kiislamu hakimfai."

"Nilikuwa naona haya kuvirudisha vitupu."

"Ndoo ukae." Alinivutia kiti. "Mwanangu, sheria hiyo ni ya wazima. Chombo cha muwele kikirudi kitupu, hiyo ndiyo habari njema yenyewe. Maana yake amekula."

Nikalia pale barazani kwake, machozi ya rangi ya chungwa iliyofifia, maana dawa zilikuwa zimeanza kunitoka mwilini. Nikamwambia na habari ya vidonge. Hakunisomesha. Alimtuma mjukuu achukue mfuko wangu, akamimina maji, akakunja mikono mpaka nikameza. Kesho yake nilikwenda kliniki nikasema ukweli. Muuguzi alinifokea, akanipima, akaongeza muda wa matibabu, akanipa barakoa mpya. Ukiacha, rudi ukaseme. Kufokewa hakuui.

Kusi lilipotulia na miguu ikapata nguvu, nikaenda Changamwe. Nilikuwa na Biblia mkononi na ushindi moyoni, sitakuficha. Nilimkuta Mghoi uani kwake akichambua maharagwe katika ungo. Hakusimama.

"Nimekuletea Biblia yako. Uliisahau."

"Sikuisahau."

"Kuna mahali nataka nikusomee."

"Wewe? Unisomee mimi?"

Nikasoma kipande kile cha mjumbe. Nilipomaliza, mkono wake ulikuwa umesimama juu ya maharagwe.

"Soma tena."

Nikasoma tena.

"Basi hakumponya?"

"Hakumponya, Dada. Alikaa naye tu mpaka akapata nafuu. Halafu akamrudisha kwao, akaomba apokewe kwa heshima."

"Na hakusema imani yake ilipungua?"

"Hakusema."

Nilikuwa nimelitayarisha neno la kumalizia, neno zuri kabisa. Sikulisema, kwa sababu dada yangu alikuwa ameinamia ungo, mabega yanatikisika. Mama yetu alifia katika nyumba ile, baada ya kuumwa kwa muda mrefu, akiuguzwa na Mghoi peke yake. Mimi nilikuwa safarini kikazi, nikaja kuzika.

"Nilifunga," alisema. "Nilikesha naye. Alipokufa wakaniambia nyumba ile ilikuwa na imani haba. Na nyumbani tulikuwa wawili, Mwadime. Mimi na Mama. Na Mama hakuwa na imani haba."

Miaka yote hiyo alikuwa ameibeba hukumu hiyo bila kumwambia mtu, na alipoiona saratani, homa au kifua cha mtu yeyote, alikuwa akikimbilia kuongeza imani kabla haijachelewa tena. Alinisukuma mimi jinsi alivyojisukuma mwenyewe. Nilimpenda dada yangu saa ile kuliko nilivyowahi. Nikavuta kigoda, nikaanza kuchambua maharagwe upande wangu wa ungo. Mabovu huku, mazima kule. Akafuta uso kwa leso.

"Leo umemeza?"

"Bi Zuhura amenitazama."

"Alikwambia ufungue mdomo?"

"Hapana."

"Basi hajui kazi," alisema. "Kesho nakuja."

Alikuja. Bado anakwenda kanisani, na mimi bado siendi. Bado ananiombea, nasikia akinong'ona jikoni, ila haniulizi tena kama nimeamini. Waraka ule ameutia alama kwa uzi mwekundu, na yule mjumbe humwita "yule mgonjwa wetu". Wakati mwingine tunabishana juu ya mfungwa. Yeye anasema furaha ile ilikuwa ya kweli. Mimi nasema alijikaza ili watu wake wasiogope, na kujikaza kwa namna hiyo nakustahi zaidi kuliko furaha.

Mvua za vuli zilipoanza kupiga mabati ya kliniki, nilikabidhiwa majibu ya mwisho. Makohozi safi. Dereva wa tuk-tuk alikuwa amemaliza kabla yangu, na mama wa Likoni alikuwa amebakiza kidogo. Siku hiyo alikuja na mtandio wake mwenyewe. Nyumbani tulikuta bakuli barazani, wali wa nazi na samaki wa kupaka, nikala mpaka nikakwangua ukoko kwa kidole. Mghoi akaosha bakuli na kufungua sufuria ya kimanga.

"Usitie kitu," nikamwambia.

"Kitupu? Utaniaibisha."

"Kitupu, Dada."

Nikalifunika kwa kawa, nikalipeleka mwenyewe, bila kupumzika njiani. Bi Zuhura alilipokea kwa mikono miwili, akafunua kawa, akatazama ndani.

"Alhamdulillahi," akasema.